Mwito Mtamu Kuliko Nyama

Sili, mnyama wa bahari ya baridi, alikuwa amekufa tangu jana yake, na hakuna aliyekuwa amemgusa isipokuwa yule aliyemuua. Alilala ubavu ukingoni mwa barafu, tumbo limepasuliwa, utumbo umetoka nje na kuganda. Juu ya mgongo wake walisimama ndege tisa wa aina ya petreli, wote wa mwaka mmoja, manyoya yao bado meusi ya ujana. Walimpanda kama wanavyopanda mwamba, wapate mahali pa kukanyaga pasipo na maji, wakaelekeza vifua kwenye upepo na kutulia.

"Labda wameshiba," alisema Urio.

"Wameshiba nini?" aliuliza Namsifu.

Urio alikuwa fundi wa magari ya minyororo, si mtaalamu wa ndege. Alichojua ni kwamba tangu afike Kituo cha Songambele hajapata kuona mzoga ukilala pwani ile ukaamka mzima. Ndiyo maana watu wa kituo waliwaita petreli mabwana afya. Ni ndege mkubwa kama bata bukini, mwenye mdomo wa ndoana, na juu ya mdomo ana bomba la pua ambalo kwalo hunusa damu mbali kuliko jicho linavyoweza kufika. Kitu kikifa, mabwana afya walikuja, wakakagua, wakaacha mifupa. Hivyo ndivyo walivyoishi Antaktika, mahali ambapo hakuna kinachoota juu ya nchi: kwa kuwahi kwenye kifo cha mwingine.

Petreli mzee, mwenye kichwa kilichokwisha kuwa cheupe, alitua karibu na mzoga. Hakuwatazama vijana. Alitumbukiza kichwa ndani ya tumbo la sili mpaka shingoni, akakitoa kikiwa chekundu, akameza, akakirudisha. Wale tisa walimtazama kama watu wanavyomtazama mtu anayetafuna mshumaa.

Kisha mmoja wao akateleza. Hakuruka wala hakujaribu kusimama tena. Alibingirika juu ya mbavu za sili mpaka kwenye theluji, akabaki hapo, bawa moja limekunjuka.

Namsifu Mgonja aliteremka ukingo haraka, Urio nyuma yake. Alimwinua ndege kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba katikati ya kifua. Mfupa wa kidari ulikuwa umechongoka kama makali ya kisu. Nyama ya pande zote mbili ilikuwa imeliwa na mwili wenyewe.

"Mbona hajakutemea?" Urio aliuliza. Kila mtu Songambele alikuwa na nguo aliyoiharibu siku ya kwanza alipomkaribia petreli. Ndege huyu huhifadhi mafuta tumboni, mazito, ya rangi ya mawese, yenye harufu isiyotoka kwa sabuni yoyote. Ni akiba yake ya safari na ni silaha yake.

"Hana cha kutema." Namsifu alimgeuza ndege, akamfumbua jicho. "Mafuta yamekwisha. Alianza na hayo, akafuata misuli. Sasa anachoma kilichobaki."

"Na amesimama juu ya nyama."

"Ndiyo."

"Daktari, mimi ni Mchaga, sielewi mambo ya Wapare. Kwenu mtu hufa njaa juu ya chungu?"

Ulikuwa utani wa kawaida kati yao. Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu, na wawili hawa waliubeba utani huo mpaka mwisho wa dunia, wakautumia kama watu wengine wanavyotumia chai. Siku nyingine Namsifu angemjibu. Siku hiyo alimweka ndege ndani ya koti lake, akafunga zipu.

"Washa gari," alisema.

*

Kinusio kilikuwa kazi ya Namsifu. Kipande kidogo kama punje ya mchele, kilichopandikizwa nyuma ya pua ya ndege, pale mishipa ya harufu inapoingia kwenye ubongo. Kituo kikirusha mawimbi, kinusio kiliichokoza mishipa hiyo, na ndege akanusa nyama mahali ambapo hakukuwa na nyama. Harufu hiyo waliiita mwito.

Homa ya mafua ya ndege ilipofika pwani ile na kuwafyeka pengwini wa Rasi, ncha ya pwani walikotagia, kila mtaalamu alijua zamu inayofuata ni ya ndege walao mizoga. Anayekula maiti hula na kilichomuua. Namsifu aliwavuta kando kwa mwito. Kila siku mlingoti wa kituo uliwaita petreli mbali na Rasi, ukawapeleka kwenye majukwaa yaliyoitwa meza, ambako walikuta matofali ya vichwa na matumbo ya samaki yaliyogandishwa. Sheria ya kazi ilikuwa moja, nayo haikuvunjwa: mwito lazima uishie kwenye chakula. Ndege akidanganywa akakuta patupu, mara ya tatu au ya nne hataitika tena.

Kazi ilifanikiwa. Kwa misimu miwili, wakati pwani za jirani zilijaa mabwana afya waliokufa wamepinda shingo, Songambele haikumpoteza hata mmoja kwa homa. Wageni walikuja kwa meli kujifunza. Vinusio viliwekwa hata kwa makinda, viotani, kabla hayajaota manyoya ya kurukia.

Kisha barafu ya bahari ikafunga mapema, na meli iliyoleta chakula cha ndege ikageuza njiani. Akiba iliyobaki isingefika katikati ya majira ya baridi. Namsifu aliamua kuwaachisha ndege taratibu, akazima mwito wa pwani ya mashariki kama jaribio. Petreli wakubwa walizunguka meza tupu kwa muda, wakaondoka kwenda kutafuta maisha yao ya zamani. Wadogo walibaki. Yeye na Urio walikuwa wamekwenda kuangalia kwa nini.

Maabarani, Namsifu alimweka yule ndege aliyeanguka kwenye boksi lenye taa ya joto, akamnywesha maji ya sukari kwa mrija. Alipopata nguvu ya kusimama, alimwekea mbele pande la nyama ya sili, mbichi, yenye damu.

Ndege alisimama. Alilitazama. Aligeuza kichwa upande mwingine.

Namsifu alifungua kishikwambi chake, akawasha mwito kwa kiwango cha chini kabisa. Ndege akaruka juu ya nyama kana kwamba imeshushwa kutoka mbinguni dakika ile, akameza kipande kikubwa kuliko koo lake.

Alizima mwito. Ndege aliacha palepale, nyama ikining'inia mdomoni, kisha akaidondosha.

Urio, aliyekuwa ameegemea mlango, alipiga mluzi.

Jaribio lililofuata Namsifu alilifanya kwa sababu lilikuwa la lazima, si kwa sababu alitaka kuliona. Aliondoa nyama, akaweka glavu kuukuu ya turubai. Aliwasha mwito. Ndege aliirukia glavu na kumeza vidole vyake viwili, akaendelea kusukuma, shingo ikitutumka, mpaka Namsifu alipomkaba taya na kuivuta ikatoka.

"Inatosha," alisema Urio.

"Inatosha," alikubali.

Aliketi. Hakuwa mtu wa kujipiga kifua, na kosa lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Alipoutengeneza mwito, alijaribu mitindo mingi ya kuchokoza mishipa ile, akachagua ule ambao ndege waliukimbilia haraka kuliko yote. Alichagua ulioshinda; hakujiuliza umeshinda nini. Ulikuwa mtamu kuliko nyama. Petreli wazima hawakudhurika kwa sababu walikuwa wamekula miaka mingi kabla ya kuusikia. Walijua harufu ya kweli, na mwito kwao ulikuwa nyongeza. Makinda hayakuwa na kabla. Tangu yatoke kwenye yai, kila tonge lililoingia mdomoni lilikuja pamoja na mwito, na harufu halisi ya nyama ikabaki nyuma kama ngurumo ya jenereta, kitu ambacho mtu hukisikia siku zote mpaka asikisikie tena.

Kuna jambo jingine alilopaswa kuligundua mapema. Petreli mchanga akitoka kiotoni huondoka. Huzunguka bahari yote ya kusini kwa miaka, akifuata pepo na mizoga, kabla ya kurudi alikozaliwa. Hawa hawakwenda popote. Kituoni walifurahi, wakasema hakuna aliyepotea.

*

"Niambie njia zilizopo," alisema Odindo.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa Siaya, mrefu, mtaratibu, aliyewahi kuongoza bandari, na bado alisikiliza watu kama anayesubiri wamalize ili afungue lango. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai ya maziwa ya unga.

"Ya kwanza, tuwaache. Wapo kama mia mbili. Karibu wote watakufa kabla ya mwezi kwisha. Ya pili, tuendelee kuwalisha mpaka chakula kiishe, halafu watakufa vilevile, ila baadaye na gizani. Ya tatu, tuwafundishe."

"Wafundishwe vipi?"

"Tunawaita kwenye mizoga halisi. Wakishaanza kula, tunapunguza mwito kidogo kidogo, siku hadi siku. Harufu ya kweli inabaki, mwito unashuka. Mwisho tunauzima wakiwa bado wanakula."

"Basi punguzeni mwito hapo mezani. Mbona rahisi?"

"Mezani kuna matofali ya samaki ya kiwandani, Mkuu. Watajifunza kunusa matofali yetu. Huko nje hakuna tofali. Wanahitaji ngozi, shahamu, tumbo lililopasuka. Na wanahitaji mizoga mingi kwa pamoja."

Odindo aliweka kikombe chini. Alikuwa ameshaelewa.

"Rasi," alisema.

"Rasi. Pengwini wamelala pale kwa maelfu, baridi imewahifadhi. Nimepima sampuli. Katika kila watano, wawili wana virusi hai."

"Huwezi kuchagua wazima?"

"Dawa za kupimia zilizobaki hazitoshi hata siku moja."

"Kwa hiyo unataka kuwachukua ndege tuliowalinda na ugonjwa tangu kiotoni, uwapeleke kwa mkono wako mwenyewe kwenye ugonjwa."

"Baadhi yao watakufa. Makisio yangu ni theluthi, labda nusu. Waliobaki watajua kula."

"Makisio."

"Ndiyo. Sina kitu bora zaidi."

Odindo alitazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama isipokuwa weupe. "Daktari Mgonja, nikuambie ninavyoona mimi. Tukikaa kimya, njaa ndiyo imewaua. Barafu ndiyo imewaua. Meli ndiyo imewaua. Tukiwapeleka Rasi, ni sisi. Na mimi nina watu kumi na wawili ndani ya jengo hili wenye mapafu. Homa hiyo ikipanda gari na kuja hapa?"

"Nitakaa kwenye kibanda cha Rasi mpaka muda wa karantini uishe. Sitarudi kabla."

"Bado jibu langu ni hapana. Tuendelee kulisha. Tusubiri barafu."

Namsifu alisimama. Hoja ya Odindo haikuwa ya kijinga, na yeye mwenyewe aliigeuza kichwani akakuta ina uzito: mtu anayesubiri anaweza kuwa sahihi. Alishukuru, akatoka.

Urio alikuwa kwenye korido, akijifanya anakagua bomba la joto.

"Mpare kashindwa kesi na hakati rufaa?" alinong'ona. "Wekeni alama ukutani."

*

Ndege wa maabara alikufa kesho yake. Namsifu alimpasua, akathibitisha alichokijua, akamfunga kwenye mfuko.

Mchana, watu wote walikuwa bwaloni, ugali na maharage mezani, Urio alipoingia na kitambaa cha meza kimening'inia mabegani. Alikuja kwa mwendo wa petreli, magoti nje, kifua mbele, akipepesuka. Watu walianza kucheka kabla hajafanya lolote. Alipanda juu ya benchi, akasimama mbele ya sahani yake, akainua uso na kutulia.

"Urio, chakula kinapoa," alisema mpishi.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Nasubiri Daktari aniambie kama hiki ni chakula."

Kicheko kilipanda. Mtu mmoja alimsogezea sahani mpaka chini ya pua. Urio aliinusa, akatikisa kichwa, akainua uso tena. "Naona ugali, naona maharage. Lakini sijasikia kitu kichwani. Daktari, nile?"

Macho yaligeuka kwa Namsifu. Nyumbani, msibani, mtani ana ruhusa ambayo ndugu wa marehemu hana. Anaweza kuvaa koti la aliyekufa, kutembea kama yeye, kudai deni kwa maiti, na mfiwa hawezi kukasirika. Akikasirika, aibu ni yake. Namsifu aliijua kanuni hiyo kama alivyojua jina lake. Alicheka, kama ilivyompasa.

"Usile," alisema. "Mchaga akila bure atazoea."

"Sawa." Urio alijilaza polepole juu ya benchi, akafumbata mikono kifuani. "Basi nimekufa. Nipimeni. Mnaona? Sina homa. Andikeni kwenye ripoti: amekufa akiwa na afya njema. Tumefaulu."

Kicheko kilikatika. Mpishi alishusha mwiko. Odindo, aliyekuwa kwenye meza ya pembeni, alimtazama Urio, kisha Namsifu, akaona kwamba Namsifu alikuwa ameshika tonge ambalo halikuwa likienda popote.

Odindo alikuja maabara kabla ya jioni. Hakuketi.

"Utakwenda na huyo mchekeshaji wako," alisema. "Mtalala kule. Mnachovaa kitachomwa. Na nikiulizwa, nitasema ulilazimika. Kwamba hakukuwa na njia nyingine."

"Ni kweli hakuna."

"Ndiyo maana nitalisema."

*

Rasi ilikuwa uwanda wa kokoto uliofunikwa na maiti. Pengwini walikuwa wamelala walivyoangukia, wengine kifudifudi wamenyoosha shingo kuelekea baharini, wengine juu ya viota vyao vya mawe, theluji imewafunika nusu. Namsifu na Urio walivaa barakoa na ovaroli za plastiki. Waliwachana pengwini matumbo kwa shoka, kwa sababu mdomo wa ndege mchanga na dhaifu usingeweza kutoboa ngozi iliyoganda. Kazi hiyo waliifanya bila maneno.

Kisha Namsifu alisimika antena ndogo juu ya gari, akawasha mwito.

Walikuja. Walikuja kutoka mashariki na kutoka kwenye meza zote, wepesi mno, wakipeperushwa na upepo zaidi ya kurushwa na mabawa yao. Wengine walitua kilomita nzima kabla na kutembea. Kitu kimoja petreli anacho ambacho ndege wengi wa bahari hawana ni miguu ya kutembelea nchi kavu, na miguu hiyo haigandi: damu inayoshuka kutoka mwilini hupitishana na ile inayopanda kutoka kwenye nyayo, ikaiachia joto lake, nyayo zikabaki baridi kama barafu zenyewe bila kufa. Mwili uliotengenezwa kwa uangalifu wote huo ulikuwa umeshindwa na punje ya mchele.

Walikula. Mwito ukiwa juu, walikula kwa pupa, kila kilichokuwa karibu, mpaka Urio akalazimika kuondoa kamba na turubai. Kesho yake Namsifu aliushusha mwito kidogo. Siku iliyofuata kidogo tena. Kulikuwa na waliokufa, na Namsifu aliwachunguza kila mmoja: mwanzoni wote walikufa kwa njaa, waliochelewa. Lakini kulikuwa na waliobadilika pia. Alimwona mmoja akizunguka maiti ya pengwini dhidi ya upepo, akasimama, akainamisha kichwa, bomba la pua likilowa na kutoa chumvi, akarudi nyuma hatua mbili kama aliyeitwa jina na mtu asiyemwona. Kisha akauma. Mwito wakati huo ulikuwa mdogo kiasi kwamba mashine haikuweza kuupima.

"Huyo kanusa mwenyewe," alisema Urio.

"Labda."

"We mwanamke, sema ndiyo mara moja tu, theluji haitayeyuka."

"Labda ndiyo."

Siku aliyokuwa amepanga kuuzima mwito kabisa, redio iliita.

"Daktari Mgonja." Sauti ya Odindo ilikuwa na uchangamfu ambao hawakuwahi kuusikia. "Barafu imepasuka upande wa magharibi. Meli imeingia kwenye mpasuko. Wiki moja, labda pungufu, chakula kiko hapa. Cha mwaka mzima. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mkuu."

"Basi warudishe. Waite mezani leo hii. Akiba iliyopo itafika mpaka meli itie nanga. Kila saa wanayokaa hapo unawaongezea ugonjwa."

Namsifu alitazama uwanda. Karibu na gari, ndege mmoja alikuwa ametoka kwenye kundi, kichwa kikimtetemeka kwa mtikiso mdogo usiokoma, kama wa mzee. Alikuwa miongoni mwa waliokula mwanzo kabisa, mwenye pete ya njano mguuni. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Kufikia kesho angepinda shingo.

"Homa imeanza, Mkuu. Mmoja mpaka sasa."

"Basi ndiyo sababu zaidi!"

"Nikiwaita mezani, nawapeleka wagonjwa kwa ambao hawajaambukizwa. Wakubwa wengine bado wanapita pale."

"Watenganishe. Una akili, tafuta njia. Daktari, nisikilize. Nilikuruhusu kwa sababu ulilazimika. Sasa hulazimiki. Ukiendelea, kila atakayekufa hapo atakuwa umemchagua wewe. Sitaweza kukutetea, na sitajaribu."

Hayo yalikuwa kweli, na Namsifu aliyapanga kichwani kama anavyopanga namba. Akiwaita, wengi wangeishi. Wangekula matofali mwaka mzima, na miaka ikipita wangezaa makinda yasiyojua nyama, na makinda hayo yangewekewa vinusio ili yaishi, na meli ingelazimika kuja kila mwaka mpaka siku ambayo isingekuja. Asipowaita, wangekufa wengi zaidi mwezi huu, mbele ya macho yake, na meli ikiwa imejaa chakula bandarini. Tofauti kati ya mambo hayo mawili haikuwa kwenye hesabu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, hesabu haikumwambia la kufanya.

Na muda ulikuwa mfupi. Mlingoti wa kituo ulikuwa na nguvu kuliko antena yake. Odindo angeweza kubonyeza yeye mwenyewe, na ndege wangeondoka kama moshi.

"Urio," alisema, "kuna amri moja sijawahi kuitumia. Niliiweka kwa ajili ya mwisho wa mradi. Inaunguza kinusio. Hakiwaki tena, na hakuna wa kukirekebisha."

Urio alivua miwani ya theluji. "Na wakiwa hawajajifunza?"

"Basi nimewaua."

"Wote?"

"Wasiojifunza."

Urio alitazama upande wa bahari. "Mimi dereva," alisema. "Usiyatafute macho yangu, dada. Ukibonyeza, nitasema nilikuwepo. Hilo tu ninaloweza."

Redio ilikuwa ikiita jina lake. Namsifu aliandika amri, akaisoma herufi kwa herufi, kwa sababu hakupenda makosa, akaituma.

Hakukuwa na sauti. Uwandani kote petreli waliinua vichwa kwa wakati mmoja, kama watu nyumbani umeme unapokatika. Walibaki hivyo, mabomba yote ya pua yameelekea juu, na upepo ukapita katikati yao.

Kisha mmoja akainama, akaendelea kula. Wa pili. Upande wa viota, wawili waligombania pengwini mmoja, wakapanua mabawa na kuinua mikia kama feni, wakakoroma. Mezani hawakuwahi kugombana, kwa sababu mezani kulikuwa na cha wote. Namsifu alimtambua mmoja wao kwa pete. Pengwini waliyemgombania hakuwa amempima.

Lakini wengine hawakuinama. Hawa walisubiri kwa muda, wakaanza kutembea. Walipita juu ya maiti bila kuzitazama, wakaja kwenye gari, kwenye antena, mahali ambapo kila siku utamu ulikuwa ukitoka. Walisimama nusu duara mbele ya Namsifu, karibu kiasi cha kuguswa, wakainua midomo.

"Mkuu anauliza umefanya nini," alisema Urio, redio mkononi.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Nilichofanya."

Urio alikwenda nyuma ya gari kuzungumza. Namsifu alibaki amesimama. Angeweza kuwatupia nyama, wasingeijua. Angeweza kuwafukuza, wakarudi. Alifahamu kwamba akisogea hata hatua moja wangemfuata, wapoteze nguvu waliyobaki nayo, kwa hiyo hakusogea. Baridi ilipanda kutoka kwenye kokoto ikaingia kwenye buti zake, na miguu yake, ambayo haikutengenezwa kama yao, ikaanza kufa ganzi.

Upepo uligeuka mchana, ukaja kutoka upande wa maiti. Ndege mmoja ukingoni mwa nusu duara alitikisa kichwa, akageuka nyuma, akasita, akaondoka. Baada yake wawili.

Waliobaki aliwatazama mmoja mmoja usoni, bila haraka, mpaka Urio aliporudi na kumvika blanketi mabegani bila kumwuliza kitu.